Tulipu Kwenye Kaburi la Babu Dénes

Almásd, 14 Septemba 1997

Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, namsalimu Shangazi Margit, na hata ile lifti yenu inayokwama naisalimu. Huku sisi wazima. Baba mgongo umemkamata tena ila hakubali. Anatembea ameinama, ukimuuliza anasema anatafuta skrubu. Mama hajatoka kwenye sufuria la jamu ya plamu tangu Ijumaa, nyumba nzima inanata, hata daftari langu la hesabu. Paka wako Cirmos amehamia kwetu kwa masharti yake mwenyewe: analala kwenye kiti cha Baba, na Baba ndiye anayeomba radhi.

Shule imeanza. Asubuhi basi, mchana Kiromania cha shule, jioni Kihungari chetu cha nyumbani, na naona haya katika lugha zote mbili. Juzi mwalimu aliniuliza jina la mto fulani. Nililijua. Nikanyamaza mpaka akamuuliza mwingine. Kwenye karatasi mdomo wangu unafunguka, sijui kwa nini; labda kwa sababu hunitazami. Nimepata nafasi bwenini mjini kuanzia Januari. Hakutakuwa tena na basi la alfajiri, na nitakuwa na meza yangu peke yangu. Nimeitamani sana.

Sasa bustani, najua ndiyo uliyoanza kuitafuta kwenye karatasi hii kabla ya salamu. Dalia zimenifika kifuani. Ile nyekundu kubwa ilikuwa imelala, nimeifunga kwenye kijiti kwa soksi ya Babu Dénes. Usinikasirikie, ni ya kushoto na ya kulia haipo. Krisanti zina vitumba vidogo kama mbaazi. Kila nikishuka kwenye basi napitia kwako, namwagilia, kisha nakaa kwenye ngazi ya jikoni halafu nainuka, nakaa tena, nainuka. Miguu haitulii.

Niambie nifanye nini na kipi kitangulie. Nyonga yako inaendeleaje huko Brassó kwa Shangazi?

Mjukuu wako,
Boróka

*

Almásd, jioni hiyohiyo (hii sikuituma)

Bibi,

Ile barua nyingine nimeifunga tayari na stempu nimeibandika. Hii naiandika ili nisipasuke.

Jumatano nilikuta watu uani kwako. Baba alikuwepo, na Csutak, yule mwenye malori. Csutak alikuwa ameshika futi ya kupimia, Baba ameshika ncha ya pili, na ncha ile ilikuwa imelala katikati ya dalia. Anataka kuinunua nyumba kwa ajili ya uwanja tu. Atamwaga zege kutoka langoni mpaka kwenye mcheri, malori yapate kugeuka. Maua yako ya langoni, zile asta, hayapo tena. Lori lake liliingia kinyumenyume kuonyesha kama linaenea. Linaenea.

Baba amesema, "Usimwambie Bibi. Margit anasema moyo wake hautaki habari za ghafla. Tutamweleza taratibu, wakati wa kusaini." Nikamuuliza lini. Akasema mwezi Machi. Kisha akaongeza, "Hawezi tena kuishi peke yake, Boróka. Nani atamwashia jiko?" Akageuka haraka, nadhani hakutaka nimwone uso.

Nami nikanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

*

Brassó, 2 Oktoba 1997

Boróka, mjukuu wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya tatu nikaisoma kwa miwani ya Margit kuona kama kuna kitu nimekosa. Sisi wazima. Margit anafanya kazi na anakohoa. Simu usinipigie, sauti inaingia sikioni kama nyuki kwenye chupa, andika. Nyonga ipo mahali pake, nami nipo juu yake, basi tuachane nayo.

Hapa ghorofa ya nne kuna kibaraza chenye ukubwa wa meza ya kukandia unga. Margit ameweka ua la plastiki. Nalimwagilia akiwa ananitazama, makusudi.

Sasa sikiliza. Dalia usiziguse hata kama zimekuchosha. Subiri jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku. Lazima majani yaungue yawe meusi ndipo uchimbe viazi vyake, ukiwahi, vitaoza. Vikaushe kidogo, uvilaze kwenye mchanga stoo ya chini. Jerania zing'oe kwenye vyungu, zikung'ute udongo, uzifunge miguu na kuzining'iniza kwenye boriti vichwa chini. Zitaonekana zimekufa. Usizionee huruma. Krisanti ndizo pekee za kubembelezwa: jioni ukisikia baridi inauma pua, zifunike kwa mapazia yangu ya zamani, maana zikiungua kabla ya Siku ya Wafu, Dénes atakuwa na kaburi tupu na mimi nitaisikia aibu hadi huku.

Vitunguu vya tulipu viko kwenye kikapu juu ya kabati. Vipande mwezi huu, safu mbele ya dirisha la jikoni, nivione Aprili nikiwa naosha vyombo.

Na asta za langoni? Hukuziandika. Mwaka jana wakati huu zilikuwa zinafunika kitasa.

Basi la Ijumaa kutoka huku bado linapita Almásd, au wamelifuta? Nauliza tu.

Bibi yako Ilka

*

Almásd, 19 Oktoba 1997

Bibi yangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mama anauliza kama uliipata jamu. Baba amepata ile skrubu, yaani mgongo umepona. Cirmos ameleta panya akamweka ndani ya kiatu changu cha shule, nikagundua kwenye basi. Sikupiga kelele. Nilikaa na yule panya mpaka mjini.

Jalidi ilikuja usiku wa kuamkia Jumanne. Nilipofika kwako dalia zilikuwa nyeusi, zimeinama zote pamoja kama watu waliopewa habari moja. Nilidhani nitalia, lakini nilipoanza kuchimba nikaanza kufurahi. Chini ya ule weusi viazi ni vinono, vimeshikana kama vidole. Hakuna aliyeniambia kwamba kuchimba kwenye baridi kunatuliza hivi. Mikono inakufa ganzi, kichwa kinanyamaza. Nimevilaza kwenye mchanga. Jerania zinaning'inia, na kweli zinatisha. Nikishuka stoo nazisalimu kwanza.

Krisanti nazifunika kila jioni. Kwa mbali, na yale mapazia, unaweza kudhani wageni wamekaa bustanini wanasubiri chakula.

Tulipu nimezipanda zote. Zimepata mahali pazuri, penye jua.

Basi la Ijumaa lipo. Linafika adhuhuri. Kwa nini unauliza?

Boróka

*

Almásd, 4 Novemba 1997

Bibi yangu,

Salamu nyingi, na safari hii nina habari ya kukufurahisha. Krisanti zilifika salama hadi Siku ya Wafu. Nilizipeleka makaburini kwa toroli, nyeupe zote na zile za rangi ya kutu, na watu njiani walinipisha kama harusi inapita. Mama Katinka wa posta akasema, "Hata Ilka mwenyewe hajawahi kuzikuza hivi," nami nikatazama viatu.

Kaburi la Babu nilikuwa nimeliandaa mapema. Udongo niliuchimba upya wote, nikausawazisha, nikazungushia mawe ya mtoni. Giza lilipoingia tukawasha mishumaa. Jiwe lilikuwa linang'aa, jina la Babu upande mmoja na lako, lililochongwa mapema, upande wa pili, na mwaka wako wa kuzaliwa, na ile nafasi tupu mbele yake. Sijawahi kuipenda ile nafasi. Niliiegeshea krisanti kubwa kuliko zote ili isionekane.

Akaja Bibi Rozália, yule rafiki yako wa ujana aliyeolewa Brassó. Sikujua kama bado huja kwenye makaburi ya wazazi wake. Alisimama mbele ya jiwe muda mrefu akilia. Kisha akanishika mashavu akasema, "Pole sana, mwanangu." Nikasema asante. Nilishangaa anamlilia Babu kwa uchungu vile baada ya miaka tisa, lakini unanijua, sikuuliza.

Shule, hapana jipya. Umeniuliza kuhusu langoni. Siku hizi napitia mlango wa nyuma.

Boróka

*

Almásd, 23 Novemba 1997

Bibi yangu,

Salamu. Hujajibu. Labda posta. Mama Katinka anasema hakuna kitu, na mara ya pili kabla sijafungua mdomo alishatikisa kichwa.

Waridi nimezifukia shina kwa udongo na majani ya mcheri. Theluji ya kwanza imelala juu yake. Hakuna tena la kufanya, na hilo ndilo linaloniumiza. Naenda kwako hivyo hivyo, nazunguka bustani iliyolala, nagusa kila kitu, narudi. Niambie kazi yoyote.

Boróka

*

Almásd, 5 Desemba 1997

Bibi,

Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Barbara, nimekata matawi ya cheri kama unavyofanya wewe, nimeyaloweka kwenye maji ya vuguvugu karibu na jiko letu. Nimekata mawili na kuyapa majina kimoyomoyo. Likichanua moja kabla ya Krismasi nitajua lipi litatimia.

Je, unaumwa? Shangazi Margit kasema kwa simu kwamba u mzima ila hutaki kuongea. Baba alipoweka simu chini alikwenda kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Boróka

*

Brassó, 9 Desemba 1997

Boróka,

Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza ilitoka barua ya matusi, na karatasi ni za Margit.

Sisi wazima. Mimi hasa ni mzima, na hilo nina shahidi. Jumamosi moja mwezi uliopita Margit alikwenda sokoni. Mlango ukagongwa. Nikafungua. Nani? Rozália, amevaa nyeusi kutoka kofia hadi soksi, mkononi krisanti nyeupe kumi na mbili. Nilizihesabu kabla ya kumtazama usoni, unajua macho yangu. Jozi, kama za kaburini. Hata mtoto anajua kwamba aliye hai hupelekewa maua yasiyo jozi.

Akasema chini chini, "Namtafuta Margit, nimpe pole ya mama yake."

"Mama yake ni mimi."

Akajipiga ishara ya msalaba akaegemea ukuta. "Ilka! Lakini wewe umezikwa!"

"Nani kanizika?"

"Nimeona kwa macho yangu! Udongo mbichi, maua tele, jina lako. Na yule binti nikampa pole akashukuru!"

"Na uliniona nimevaa nini?"

"Nimekulilia, Ilka. Nimelia mpaka mkwe wangu akaniletea maji."

"Basi ingia unilie hapa, kuna joto."

Nilichomoa krisanti moja nikaitia kwenye glasi ya meno, zikabaki kumi na moja, hapo nikazipokea. Tukanywa chai yenye ramu. Tulicheka, Boróka, tukacheka mpaka nyonga ikauma. Kisha yule mjinga mwenye roho nzuri akafuta macho akasema, "Nami nilishangaa, nikajisemea, hata udongo haujatulia, tayari Csutak anamwaga mawe uani kwa marehemu."

Hapo nikaacha kucheka.

Nilitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Soksi imo, panya yumo, mgongo wa baba yako umo. Langoni hakuna. Na tulipu "zimepata mahali pazuri." Kumbe ndiyo maana udongo wa Dénes ulikuwa mbichi. Ulijua mbele ya dirisha langu hakutakuwa na Aprili, ukazipeleka mahali ambapo Csutak hawezi kumwaga mawe.

Sijui nikupige au nikubusu. Siku nyingine naamka na la kwanza, nyingine na la pili.

Nami nina langu, maana sitaki uone kwamba mwongo ni wewe peke yako. Tangu Septemba, Margit akienda kazini, nashuka ngazi. Mwanzo ghorofa moja na machozi. Sasa nafika chini kwenye masanduku ya barua na kurudi. Barua zako nazichukua mwenyewe. Nilitaka niteremke kwenye basi la Ijumaa siku moja, bila taarifa, niwaone nyuso zenu.

Nyumba haiuzwi bila sahihi yangu, na sitasaini. Lakini kutosaini hakuwashi jiko. Baba yako na Margit hawakukosea kila kitu. Kuni siwezi kubeba, kisima kikiganda siwezi kukivunja. Nikirudi peke yangu nitaanguka, na safari ijayo Rozália atakuwa sahihi. Kwa hiyo nimekaa hapa, mguu mzima na pa kwenda sina, nalimwagilia lile ua la plastiki.

Maua usiniandikie tena. Niandikie ukweli, au usiandike.

Ilka

*

Almásd, 21 Desemba 1997

Bibi yangu,

Salamu, hata kama hujui bado unipige au unibusu. Ndani utakuta karatasi ya Septemba ambayo sikuituma. Ndiyo hiyo kweli yote, na imekunjika kwa sababu nilikuwa naibeba ndani ya kitabu cha historia.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumapili tulikuwa tunakula supu. Nilikuwa nimepanga kusema baada ya supu, kisha baada ya nyama, kisha nikaona chakula kitaisha.

"Bibi anajua," nikasema.

Baba akaweka kijiko. "Anajua nini?"

"Uani. Mawe. Csutak. Hatasaini."

"Umemwambia wewe?"

"Hapana. Afadhali ningekuwa mimi."

Mama akasema, "Ee, kaongea," na Baba akamtazama. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Baba akasema, bila ukali, "Sawa. Anarudi. Halafu? Kuni nani atapasua, Cirmos?"

"Mimi."

"Na kisima?"

"Mimi. Nahamia kwake."

"Wewe una bweni. Umelilia bweni hilo mwaka mzima."

"Najua." Bibi, umesema nikuandikie ukweli: nalitaka bado. Jana nimeota ile meza. Lakini nikiwa bwenini nitakuwa nakuwaza wewe kwenye hicho kibaraza, na nikiwa kwako nitakuwa nawaza meza. Hili la pili naliweza.

Baba akasema, "Unajua ile nyumba Januari ilivyo? Mimi nimekulia mle. Maji yalikuwa yanaganda kwenye beseni."

"Basi unajua jiko linavyowashwa. Nifundishe."

Alikula nyama yake yote. Nikadhani yamekwisha, nikaenda kulala. Kesho yake alinisubiri kituo cha basi, ana ndoo ya vibanzi. Tukaenda kwako. Kumbe jiko lako linafuka moshi upepo ukitoka bondeni, lazima kimlango cha chini kifunguliwe kwanza. Aliniwashisha mara tatu. Mara ya tatu likashika, tukakaa sakafuni tukilitazama. Akasema, "Kwa Csutak nitakwenda mwenyewe. Na mawe yake atayabeba mwenyewe." Kisha akatazama nje kule zilikokuwa asta, akasema, "Alinishikisha ncha ya futi, nikashika. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Shangazi Margit bado hajakubali. Baba alimpigia simu, nikamsikia akisema, "Margit, sasa anaongea huyu mtoto, mimi nifanye nini?"

Matawi ya cheri: moja limekauka. La pili lina vitumba vimevimba, ncha nyeupe. Sikwambii lilikuwa jina gani.

Boróka

*

Brassó, 2 Januari 1998

Boróka, mjukuu wangu,

Mwaka mpya mwema kwenu nyote, na kwa baba yako mgongo mpya.

Margit alilia siku mbili kabla ya Krismasi na siku moja baada yake. Juzi nilimwambia avae koti, nikashuka naye ngazi zote hadi chini, nikapanda naye zote hadi juu. Yeye ndiye aliyehema. Akasema, "Mama, hadi Pasaka. Halafu tutaona." Hiyo "tutaona" yake naijua, ni mlango ulioachwa wazi nusu. Mimi ni mwembamba, nusu inanitosha. Lakini Pasaka itafika, na wote watanitazama miguu, na wewe watakutazama alama za shule. Tusijidanganye kwamba tumeshinda.

Bweni. Nenda kwa mkuu wa shule umuulize kama nafasi yako inaweza kusubiri hadi Septemba. Uende mwenyewe na useme kwa mdomo wako, kwa hiyo lugha yao. Barua usimwandikie, nakujua. Nami nikifika nitakuuliza alijibu nini kabla hujanivua koti.

Stoo ya chini fungua kidogo mchana, viazi vya dalia vipumue. Kilichooza kikate, usiombolezee. Asta zitapandwa kwa mbegu, zimo kwenye kopo la kahawa, sikuwahi kukwambia kwa sababu sikutaka ujue ni rahisi kiasi hicho.

Tulipu ziache pale pale. Mwezi wa nne tutazitazama, Dénes kwa chini na mimi kwa juu.

Ijumaa ijayo, basi la adhuhuri, theluji ikikubali. Usilete ukoo mzima. Njoo na baba yako na kile kigari cha kuteleza cha kubebea mizigo, na lile tawi la cheri kama limechanua. Lete hilo moja tu, Boróka. Za jozi nimeshaletewa.

Bibi yako,
Ilka